Mzee Plasta na Mkono wa Mwoka Mikate

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mzee wetu: maisha haya yanasomwa na binti yake mkubwa kwa niaba ya familia, na yameandikwa kama mwenyewe alivyotaka. Miezi michache kabla ya kufariki aliwaita wanawe sebuleni akawaambia, "Siku ya kusoma habari zangu msinipake chokaa. Nimepaka kuta nyingi, najua chokaa huficha nini." Walidhani anatania, maana mzaha ulikuwa desturi yake. Mama yao ndiye aliyewaambia, "Baba yenu hatanii. Andikeni."

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Plasta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba ya pili kutoka tanuri la matofali alikofanya kazi baba yake. Alikuwa kitindamimba. Mama yake, aliyekuwa mshonaji, alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu aliujua udongo kabla ya kuujua uji. Ungemwacha uani ukaingia ndani kidogo, ukirudi ungekuta amefinyanga kuku, na kuku mwenyewe amesimama pembeni anashangaa.

Alianza shule ya msingi Januari 1956, katika shule iliyokuwa nyuma ya soko. Alikuwa mwanafunzi wa wastani isipokuwa pale mikono ilipotakiwa. Siku moja mwalimu wa sayansi aliwaagiza wanafunzi walete sikio la udongo. Marehemu alipoliweka lake mezani, darasa lilivunjika mbavu. Halikuwa sikio tu. Lilikuwa sikio la mwalimu yuleyule, na ile ncha yake iliyojikunja.

"Nani amekupa ruhusa ya kutembea na sikio langu?" mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, ulisema sikio. La kwako ndilo lilikuwa karibu."

Mwalimu alijizuia asicheke, akashindwa. Aliliweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo kelele zikizidi alikuwa akilinyooshea kidole tu, darasa likanyamaza. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1966, kisha akasomea sanaa na ufinyanzi katika chuo cha ufundi, ambako alijifunza kumimina plasta. Alihitimu Juni 1970.

Tarehe 3 Agosti 1970 aliajiriwa na ofisi ya elimu ya afya kama msaidizi wa mchoraji. Ofisi ilikuwa imepewa ghala la zamani lenye madirisha ya juu, ikaligeuza kuwa ukumbi wa maonyesho. Humo ndimo alimotumikia maisha yake yote ya kazi. Wengi wenu mliingia humo mkiwa watoto mmeshikwa mkono. Mtakumbuka choo cha mfano kilichokatwa ubavu ili mtu aone uchafu unavyosafiri hadi kisimani. Mtakumbuka meno makubwa kama matofali, moja limetoboka. Na hakuna aliyemsahau yule nzi wa karatasi na gundi, mkubwa kuliko mbuzi, aliyening'inia juu ya sahani ya chakula.

Marehemu hakupenda kuhutubia. Alivaa koti lake la kazi, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango wa stoo, akasikiliza watu wanasema nini wakidhani hawasikiwi. Akisikia mama anamwambia mwenzake, "Haya maandishi marefu, mimi nimeshuka hapo katikati," kesho yake yalikuwa yamekatwa nusu. "Mtu hakuja hapa kusoma gazeti," alikuwa akisema. "Amekuja kuona. Akiona vizuri, mengine atauliza."

Ni kwa njia hiyohiyo alimpata mke. Mwaka 1975 muuguzi kijana wa kliniki ya ngozi, iliyokuwa upande wa pili wa barabara, alisimama chini ya nzi kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti, "Huyu nzi ana miguu minane. Huyu ni buibui mwenye mabawa." Marehemu alitoka mafichoni kwake, akahesabu, akaona aibu. Alipanda ngazi akamkata nzi miguu miwili mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hakuna kitu alichokiweka mbele ya watu kabla muuguzi yule hajakikagua. Walifunga ndoa tarehe 20 Novemba 1976, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Sasa familia inafika mahali ambapo marehemu aliwaagiza wasiruke.

Mwaka 1983 ofisi ilipanga maonyesho ya kuzunguka wilaya za mbali kuhusu ugonjwa wa ukoma. Nia ilikuwa njema: watu wajue kwamba baka lisilo na hisia si laana, kwamba ugonjwa una dawa, na kwamba aliyepona amepona. Marehemu alitaka kuonyesha mkono wa kweli, si wa kubuni. Mke wake alimjua mgonjwa wake mmoja aliyekwisha kupona, mwanamke mwoka mikate aliyekuwa na kibanda na tanuri karibu na stendi ya mabasi. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, na juu ya kiganja alikuwa na kovu refu la tanuri. Wateja walipomuuliza kuhusu vidole, alisema tanuri lilivila pamoja na ngozi. Nao waliamini, wakala mkate wake kila asubuhi.

Mama wa familia ndiye aliyekwenda kumwomba mkono wake unakiliwe kwa plasta. "Dada, mkono utakwenda wilaya za mbali tu," alimwambia. "Hapa mjini hautaonekana. Nakuapia." Na marehemu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaongeza, "Na mimi naapa."

Mwoka mikate alikuja karakana siku ambayo hakuoka. Marehemu alimpaka mafuta hadi kwenye kifundo, akaulaza mkono wake katika beseni la plasta. Plasta ikianza kuganda hupata joto. Mwanamke yule akatabasamu. "Inaumuka kama unga uliokubali hamira," alisema. Kisha akavitazama vile vidole viwili. "Ila hawa wawili hawana habari."

Kazi ilipokamilika, marehemu alijua hajawahi kufanya bora kuliko hiyo. Kila mkunjo wa ngozi ulikuwepo, kila ufa wa ukucha, na lile kovu. Aliupaka rangi kwa wiki nzima. Mke wake alipoukagua hakupata cha kusahihisha. Alisema tu, "Unatisha. Utadhani utanipa chenji."

Wiki ya kusafiri ilipofika, lori la ofisi liliharibika, na wakati huohuo kukaja habari kwamba wageni kutoka wizarani watafika Jumatatu. Mkuu wa ofisi akaamua maonyesho yafunguliwe palepale ukumbini. Alipita kati ya meza na marehemu, akamuuliza, "Kuna chochote hapa kisichofaa kuonyeshwa mjini?"

Marehemu alijibu, "Hakuna, mzee."

Neno hilo moja ndilo alilolijutia hadi anakufa. Hakulazimishwa na mtu. Aliwaambia wanawe baadaye kwamba alifikiri wageni wataangalia kwa siku moja, kisha ataondoa mkono kimyakimya. Lakini ukweli wenyewe, alisema, ni kwamba alitaka kazi yake ionekane. Mkewe hakujua, kwa sababu wiki ile alikuwa kwao akimuuguza mama yake.

Wageni walisifu. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na umma ukaingia. Chini ya mkono marehemu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MTU HUYU AMEPONA. HAWEZI KUMWAMBUKIZA YEYOTE. Alikuwa amesimama nyuma kama kawaida yake pale mwashi mmoja alipoinama juu ya kioo, akainuka, akainama tena.

"Huu si mkono wa mama mkate wa stendi?"

"Acha bwana," mwenzake alisema.

"Naupokea mkate kutoka mkono huu kila siku. Tazama kovu hilo."

Watu walisogea. Walisoma mkono, hawakusoma maandishi. Marehemu angeweza kusema, hapana, si yeye. Angeweza hata kusema, ndiyo ni yeye, na amepona, mimi mwenyewe nanunua kwake. Badala yake alikwenda kwenye swichi, akazima taa, akatangaza umeme umekatika, akafunga ukumbi. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Siku ya pili mikate ya yule mama ilibaki kwenye kibanda mpaka ikawa migumu. Siku ya tatu mwenye kiwanja alimwambia ahamishe tanuri. Watoto waliokuwa wakimwita shangazi walivuka barabara walipomwona.

Mama wa familia aliporudi safari, habari alizipata stendi, kabla hajashusha mzigo. Aliingia nyumbani akamkuta mumewe amekaa.

"Mimi ndiye niliyemwapia," alimwambia. "Umekivunja kiapo changu."

Kwa siku nyingi walikula meza moja kama abiria wawili wasiojuana. Binti yao mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa mdogo, anakumbuka kuombwa chumvi na watu wawili ambao wangeweza kupeana.

Marehemu alikwenda kwa mwoka mikate. Alimkuta nje, tanuri limepoa, amekaa juu ya gunia la unga lisilofunguliwa.

"Umeniletea nini?" aliulizwa.

"Nimekuja kusema pole."

"Pole haikandi unga." Akainuka kutoka kwenye gunia. "Uvunje ule mkono. Nikiona kwa macho yangu."

Marehemu hakuomba ruhusa kwa mtu. Alimfungulia ukumbi mchana wa siku ileile, akainua kioo, akaweka mkono mezani, akachukua nyundo. Alisema baadaye kwamba pigo la kwanza halikuuvunja, kwa kuwa aliutengeneza vizuri mno, na kwamba alitamani ardhi immeze wakati anainua nyundo mara ya pili. Ulipovunjika, mwanamke yule alikusanya vipande, vikubwa na vidogo, akavifunga kwenye kitambaa. "Hivi ni vyangu," alisema, akatoka. Mwezi haujaisha alihamia mji mwingine kwa dada yake.

Mkuu wa ofisi alimwita. "Umevunja mali ya serikali," alimwambia. "Na umevunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Muulize mkeo. Tangu mkono ule uwekwe, kliniki imejaa watu wenye mabaka. Walikuwa wapi zamani?" Marehemu alimuuliza mkewe. Ilikuwa kweli. Waliokuja walikuja kwa sababu ya mkono. Marehemu aliondolewa ukumbini, akapelekwa stoo kuandika vibao vya milango. Alikubali adhabu bila kulalamika, hata akasema ni ndogo.

Pengine mtu angedhani hapo mambo yalikwisha. Hayakuisha. Mkabala na ukumbi kulikuwa na fundi saa, mtu wa maneno mengi aliyeweza kukaa siku nzima na kioo kimoja jichoni. Alikuwa na baka begani lisilowasha wala kuuma. Alisikia watu wanazungumza juu ya mkono, akasema akipata nafasi atavuka barabara auone. Alipovuka, alikuta kioo na meza tupu. Akacheka, akarudi kwenye saa zake. Mwaka 1985 koleo ndogo zilianza kumponyoka vidoleni. Alipofika kliniki, dawa ziliuzuia ugonjwa, lakini vidole havikurudi. Mama wa familia ndiye aliyempokea.

"Ningeuona ule mkono, ningekuja," fundi saa alimwambia, bila hasira, kama mtu anayeeleza saa ilivyoharibika.

Mkewe alifikiria kumficha marehemu habari hizo, kisha akaona nyumba yao imekwisha kufichwa mambo ya kutosha. Alimweleza wakiwa wanaanika nguo. Marehemu alibaki ameshika shuka lililolowa. "Basi nimemdhulumu mmoja kwa kuonyesha," alisema, "na mwingine kwa kuvunja." Mkewe hakumkatalia. Alimpokea ncha nyingine ya shuka, wakalikamua pamoja. Wanawe wanaamini kwamba siku hiyo ndipo wazazi wao waliporudi kuwa wamoja.

Marehemu alivuka barabara akaenda kwa fundi saa, akamweleza yote, kuanzia kiapo hadi nyundo. Fundi saa alimsikiliza, kisha akakunja shati, akaunyoosha mkono mezani.

"Chukua huu. Saa zenyewe haziutaki tena. Ila uandike kwamba ni mkono wa fundi saa, wateja wajue kwa nini nimefunga. Wanasema nimekuwa mvivu."

"Sichukui leo," marehemu alimjibu. "Kwanza ukae ukumbini siku ya soko, usikilize watu wanavyosema juu ya viungo vya wengine. Ukitoka hapo bado unataka, tutazungumza."

Fundi saa alikaa. Alisikia kicheko, alisikia "astaghafiru" na "Mungu apishe mbali," alimsikia kijana mmoja akisema meno yale makubwa ni ya mama mkwe wake. Kesho yake alifika karakana asubuhi. "Bado nataka," alisema. "Lakini wa kulia tu. Wa kushoto ni wa mke wangu." Mkuu mpya wa ofisi alikubali, na marehemu akarudishwa ukumbini Machi 1986. Maandishi chini ya mkono aliyasema fundi saa mwenyewe, na marehemu hakukata hata neno. Mara nyingi mwenye mkono alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti, na mtu akiduwaa alimwambia, "Uliza, mwenyewe nipo." Waliuliza. Wengine walivuka barabara wakaingia kliniki siku hiyohiyo.

Tangu hapo, hakuna kiungo, picha wala kisa cha mtu kilichoingia ukumbini kabla mwenyewe hajakaa humo na kusikia umma unavyosema. Wageni walipokuja kujifunza kwake walimsifu kwa hekima ya kanuni hiyo, na hapo ndipo alipokuwa mkali. "Msinisifu," aliwaambia. "Hiyo kanuni alinifundisha mwoka mikate, na mimi ndiye niliyempa sababu." Alistaafu tarehe 31 Machi 2008 akiwa msimamizi wa ukumbi, akakataa sherehe, akaomba tu aachiwe koti lake.

Alimtembelea mwoka mikate mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1987, mlango haukufunguliwa. Mara ya pili, 1991, alimkuta ana tanuri jipya na foleni ya wateja. Alipanga foleni. Zamu yake ilipofika mwanamke yule alimtazama, akamfungia mkate, akampa chenji kamili. Hakumpa kiti, naye hakukaa. Mkate ule aliuleta nyumbani, akaugawa mezani bila kusema umetoka wapi, mpaka mkewe alipoonja akaweka kipande chini. "Amefungua tena," alisema, akalia.

Mwaka 2004 walisikia kwamba amefariki, na mazishi yamekwisha. Walisafiri wote wawili. Binti wa mwoka mikate aliwapokea kwa heshima, akawakaribisha, akawapa maji ya kunywa. Marehemu alijitambulisha na kumuuliza kama mama yake aliwahi kumtaja.

"Hapana, baba," binti yule alisema. "Kwa wema wala kwa ubaya. Hakuwahi kukutaja."

Wakiwa njiani kurudi marehemu alisema, "Kumbe mzigo wote huu nimeubeba peke yangu." Mkewe akamjibu, "Tumeubeba wawili. Ila wewe hupendi kupokelewa."

Wanawe walimjua kama baba mpole kupita kiasi. Hakumpiga mtoto hata siku moja, hakupiga mtu picha bila kumuuliza, na aliomba radhi hata kwa mambo ambayo hayakuwa yake. Walipokuwa vijana jambo hilo liliwaudhi. Binti yake mkubwa aliwahi kumwambia, "Baba, kuna watu wameua na wanalala usingizi." Alimjibu, "Hao waulize wao. Mimi nakueleza habari za usingizi wangu." Leo anatamani angekaa chini siku ile na kumuuliza zaidi, badala ya kwenda zake. Wote watatu wanatamani hivyo. Walimtania kwa ukimya wake, na walipojua sababu yake, umri ulikuwa umemtupa mkono.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2017. Madaktari walisema mapafu yamechoka, na vumbi la miaka mingi halikumsaidia. Alilazwa mara kadhaa, akarudi, akaendelea kuwafinyangia wajukuu wanyama kwa unga wa chapati wa mama yao mpaka walipofungiwa mlango wa jikoni. Mwanzoni mwa Juni 2021 aliomba asirudishwe tena hospitali. Alfajiri ya tarehe 9 alikunywa chai kidogo. Mchana mkewe alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameushika mkono wake wa kulia, anamsugua vidole vilivyokuwa vinapoa. Alimuuliza, "Unanisikia?" Marehemu akasema, "Nasikia." Akavuta pumzi, na hiyo ikawa ya mwisho. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Marehemu ameacha mjane, muuguzi mstaafu; watoto watatu: binti mwalimu, mwana seremala, na binti muuguzi; wakwe; wajukuu saba; kitukuu mmoja; dada yake mkubwa; na rafiki yake fundi saa, ambaye yuko nasi hapa mbele. Familia inawashukuru majirani, wahudumu wa hospitali, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu.

Katika maisha yake marehemu aliomba msamaha mara nyingi kuliko alivyopewa. Aliyestahili kumpa alitangulia bila kusema neno, na hiyo ilikuwa haki yake. Sisi hatuwezi kumpa kwa niaba ya mwingine. Tunamkabidhi kwa Mwenyezi Mungu, aliye mwingi wa rehema, ampokee mja wake jinsi alivyokuwa, bila chokaa, na ampe hatimaye usingizi wa amani.